Mashine za Barafu na Minazi ya Mama

Siku mliponiaga kwa kustaafu mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa sijaelewa kwa nini mtu hupewa saa siku ileile anapoacha kuhitaji kujua saa. Nimeitundika sebuleni hapa Gazi. Inagonga vizuri, na kuku wamekwisha kuizoea. Baada ya kunipa saa mliniomba maneno, nami nikasema machache kwa sababu pilau ilikuwa inapoa. Haya ndiyo niliyoyabakisha.

Habari za vyeo sitaandika. Nilipanda, na asiyejua na aulize. Mishahara nayo si habari, maana ililiwa. Nitaandika habari ya mashine za kukodi, kwa sababu hata leo namwona kijana mwenye shahada mbili akipima hisa za kampuni bila kuuliza swali moja ambalo mimi, na diploma yangu moja, nililiuliza tangu miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Na nitaandika habari ya mama yangu, kwa sababu katika kesi niliyoitumia kulijua swali hilo barabara, kilichokuwa karibu kupotea ni shamba la minazi alilokuwa akilala juu yake. Wakati huo sikujua. Nyinyi mjue tangu sasa.

Nilirudi kutoka Ulaya mwaka mmoja baada ya bendera yetu kupandishwa. Nilishuka Kilindini nimevaa suti ya sufu, jua la saa saba, na sikuivua mpaka nimefika nyumbani, kwa sababu nilitaka watu wote kuanzia Likoni mpaka kwetu Gazi waione. Nilikuwa mtu wa kwanza wa pande zetu kurudi na diploma ya uhasibu. Kule niliosha vyombo jioni na kusoma asubuhi. Sikubebwa na mjomba wala na chama. Nauli ya meli tu ndiyo aliyonipa mama, naye alipoulizwa ameipata wapi alisema ameuza nazi. Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kujiita mtu aliyejijenga mwenyewe, na nilijiita hivyo mara nyingi, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Mama alinipokea uani. Nilisema shikamoo, akasema marahaba baba, akanishika mashavu kama anayepima tikiti. Kisha akachukua bakuli akaenda kwa jirani, akarudi na dafu limekwisha kukatwa. Nilitazama juu. Minazi yetu ilikuwa imebeba mpaka makole ya nazi yanainama.

"Mama, mbona dafu la kwa jirani, na yetu haya hapa?"

"Yetu hayajafika, baba. Kunywa."

Nilikuwa sijaonja dafu miaka mingi. Nilikunywa nikasahau.

Kazi niliipata Mombasa kwa Bwana Kanji, dalali wa hisa, mzaliwa wa Mombasa mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Aliipokea diploma yangu, akaisoma, akaigeuza. "Huku nyuma hawakuandika kitu?" aliuliza. Niliona amenidharau. Baadaye niligundua kwamba alikuwa na tabia ya kutazama nyuma ya kila kitu, hata sahani za mkahawani.

Wiki yangu ya kwanza alinipa hesabu za kampuni moja ya kutengeneza sabuni, nipime kama hisa zake zinafaa kununuliwa. Nilizungusha mkono wa ile mashine nzito ya kupigia hesabu mpaka bega likaniuma, nikaandika kurasa nzuri sana. Faida inapanda, madeni hakuna, hisa ni rahisi. Bwana Kanji alizisoma zote bila kuinua uso.

"Mashine ni za nani?"

"Za kampuni, bwana."

"Nani kakwambia?"

"Wanazitumia."

"Mimi natumia feri kila siku, bwana mdogo. Feri ni yangu?"

Akanituma kiwandani. Hakuniambia nimwone meneja, aliniambia niiname. Chini ya mashine, karibu na miguu yake, huwa kuna kibati kidogo cha shaba kilichogongomewa, nacho husema mali ni ya nani. Niliinama na suti yangu. Kila kibati kilikuwa na jina la kampuni nyingine.

Hapo ndipo nilipofundishwa. Kuna kukodi na kukodi. Ukikodi lori wiki moja kubebea mchanga, umekodi, na ukichoka unalirudisha. Lakini kampuni inaweza kukodi mashine kwa miaka yote ambayo mashine hiyo ina uhai. Katikati haiwezi kuirudisha. Ikiharibika, anayetengeneza ni yule aliyekodi. Na mwisho wa mkataba mashine inakuwa yake kwa bei ya kikombe cha kahawa. Hiyo si kodi tena. Hilo ni deni lililovaa nguo za kodi. Lakini siku zile halikuandikwa pamoja na madeni. Lilikaa ndani ya gharama za mwaka, pamoja na sabuni za choo na chai ya makarani, na mizania, ile karatasi ya mali na madeni, ikatoka safi kama kanzu ya Ijumaa.

Kazi ya mpimaji ni kulivua nguo hizo. Chukua kodi za miaka yote iliyobaki. Usizijumlishe tu kama mtoto anayehesabu kokoto, kwa sababu shilingi utakayotoa baada ya miaka minane si nzito kama ya leo. Kila moja uipunguze kwa riba ambayo kampuni ingetozwa na benki kama ingekopa. Jumla yake uiweke upande wa madeni, na thamani ya mashine uiweke upande wa mali. Ile kodi uliyoikuta kwenye gharama uivunje mara mbili, maana sehemu yake ni riba na sehemu ni kulipa deni lenyewe. Ukimaliza, ndipo uitazame hisa. Mara nyingi utakuta imebadilika sura.

"Mwenye hisa ni mwenye shughuli," Bwana Kanji alizoea kusema. "Wageni wote hula kwanza, yeye hula kilichobaki. Kwa hiyo kabla hujanunua hisa, wahesabu wageni. Na usiwahesabu wa ukumbini tu. Nenda na jikoni ukaone nani amekwisha kaa na sahani."

Sentensi hiyo nimeitumia miaka yote, na wengi wenu mlidhani ni yangu. Sikuwasahihisha.

Sasa nije kwenye kesi yenyewe. Miaka michache baada ya uhuru, hoteli zilikuwa zimeanza kuota Diani, na kila hoteli ilitaka paa la makuti. Mama na wanawake wenzake walikuwa na chama cha kushona makuti. Mwenyekiti wao alikuwa Bi Mishi, mwanamke mwembamba mwenye ulimi ambao ungeweza kufua nguo bila sabuni. Walikuwa wameweka akiba nzuri. Ndipo akaja mtu wa kampuni ya barafu ya Likoni, ambayo sitaitaja jina. Kampuni ilitengeneza barafu, ikahifadhi samaki na kuwapelekea wenye hoteli, na sasa ilikuwa inawauzia wananchi hisa. Mtu yule alikuwa na akili. Hakuja na karatasi peke yake. Alikuja na pande la barafu kubwa kama sanduku la bibi harusi, limefunikwa magunia na unga wa mbao, akalivunja uani kwetu na kila mwanamke akapewa sharubati ya ukwaju ya baridi. Kisha akawaambia kampuni haidaiwi hata senti. Jioni ile hisa zilikuwa zimekwisha kununuliwa moyoni. Waliniletea hesabu ili nibariki tu, kama sheikh anavyoitwa mambo yakiwa yameshapatanwa.

Nilikwenda Likoni. Niliinama. Wakati huo nilikuwa na suruali maalumu ya kuinamia. Vibati vilikuwa vimepakwa rangi pamoja na mashine, nikavikwangua kwa sarafu. Mitambo ya barafu, vyumba vya baridi, hata malori, vyote vilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa kampuni. Meneja hakunificha. Alinipa mikataba niisome na chai juu yake.

"Hii ni kodi tu, bwana," alisema. "Deni liko wapi?"

"Mnaweza kuirudisha mitambo mwezi ujao?"

Alicheka. "Hata tungetaka, hapana."

Nilizungusha mkono wa mashine ya hesabu siku mbili. Madeni yaliyotoka yalikuwa makubwa kuliko mtaji wote wa kampuni. Samaki wakipatikana, kila mtu angekula. Samaki wakikosekana msimu mmoja, mwenye mitambo angelipwa kwanza, kisha benki, na mwenye hisa angepewa maji ya barafu.

Nilirudi nyumbani Alhamisi, baada ya alasiri. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani uani kwa mama, wanashona makuti huku wakizungumza. Mama alikuwa kati yao. Juma hilo nilimkuta amekonda, nikadhani ni kazi.

"Haya, Bwana Diploma, karibu," alisema Bi Mishi. "Leo umekuja na Kizungu ama umekiacha Mombasa?"

"Nimekiacha, shangazi."

"Afadhali. Cha juzi kilitutia usingizi, mwenzetu mmoja akashona kidole."

Wakacheka. Nikawaambia wasinunue. Kicheko kikakatika kama uzi.

"Kwani kampuni inadaiwa?" aliuliza Bi Mishi.

"Haijaandikwa kuwa inadaiwa."

"Na wameandika uongo?"

"Hawakuandika uongo."

"Basi, mwanangu, hawadaiwi na hawasemi uongo. Watu wa namna hiyo mimi ningewaoza binti."

Wakacheka tena. Mimi nikaanza kueleza kodi za baadaye na thamani yake ya leo, na naweza kusema nilieleza vizuri sana. Hakuna aliyenielewa. Mama hakucheka wala hakuinua kichwa. Alisema tu, "Bakari, usinivunjie shughuli yangu."

Nilishtuka. Mama hakuwa akiniita kwa jina mbele za watu. Siku zote niliitwa baba. Nikaziweka chini karatasi zangu.

"Basi nisikilizeni hivi," nilisema. "Yupo mtu anakaa mahali kama pake. Anapafagia, anapatunza, paa likivuja anaezeka yeye. Kila anayepita husema, hapa ni kwa fulani. Lakini kila mavuno hutoa kodi. Akiwa mgonjwa hutoa, mvua ikikosa hutoa, na kuacha hawezi. Siku akikosa atatolewa nje na kila alichokitunza kibaki na mwenyewe. Mtu huyo mkimuuliza kama anadaiwa, atasema, sidaiwi, nalipa kodi tu. Nyinyi mngemkopesha akiba yenu?"

Bi Mishi alimtazama mama upande kisha akayatazama makuti. Mikono ya mama ilikuwa imesimama.

"Na mtu huyo," alisema mama polepole, "kosa lake nini?"

"Hana kosa, mama. Ila asihesabiwe kuwa hadaiwi."

"Ukimjua utamcheka?"

"Kwa nini nimcheke?"

Aliweka kuti chini, akakung'uta leso, akaingia jikoni. Nilimfuata. Alikuwa amechutama mbele ya meko akichochea moto ambao haukuwa na chungu juu yake.

"Hicho kitu chako nadhani kina jina la Kizungu," alisema. "Hapa kwetu tunakiita bei khiyari. Unamuuzia mtu shamba, naye anakupa muda na hiari ya kulinunua tena kwa bei ileile. Muda huo wote unakaa humohumo unamlipa kodi. Wao wa barafu ni bora. Wao wakilipa, deni hupungua. Mimi nalipa kila mavuno na bei imesimama palepale."

Nilishika mwimo wa mlango.

"Shamba hili?"

"Jingine ninalo?"

"Nauli yangu ulisema uliuza nazi."

"Nazi huzaliwa wapi, baba?"

Ndipo mambo yakaanza kunirudia moja moja, na kila moja nilikuwa nimeliona. Bwana Nasoro, mfanyabiashara wa Msambweni, aliyekuja kila mavuno na kukaribishwa chai. Mimi nilidhani anataka kumposa mama, nikawa namkunjia uso. Nazi zote zilizokaushwa zikawa mbata, hata moja isiingie kwenye chungu chetu. Makuti yaliyoanguka yenyewe ndiyo pekee yaliyokuwa ya mama, na ndiyo aliyokuwa akishona. Na lile dafu la jirani. Hakupenda kuangua hata moja, kwa kuwa kila tunda la juu lilikuwa na mwenyewe. Mimi niliyekwangua rangi kwa sarafu kutafuta vibati Likoni, nilikuwa nimelala miaka chini ya minazi isiyokuwa na kibati chochote.

"Muda unaisha lini?"

"Maulidi." Ilikuwa imebaki mifungo miwili, yaani miezi miwili. "Yule bwana alisema hisa zitapanda bei. Nikasema nitauza zangu, nitakomboa, na wewe hutajua."

"Mbona hukuniambia, mama? Hata kwa barua."

"Ungerudi," alisema. "Ungeacha masomo ukarudi kubeba magunia bandarini. Ningekuwa na shamba na sina diploma."

Alisema hivyo, sina diploma, kama kwamba jina lililoandikwa pale lilikuwa lake. Sikumsahihisha. Tangu siku hiyo, kila ninaposema nimejijenga mwenyewe, na bado nasema, kwa kuwa ni kweli kwa sehemu kubwa, huwa nanyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Baadhi yenu mmewahi kuniuliza kwa nini.

Chama hakikununua hisa. Bi Mishi alimrudisha mtu wa barafu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, kisha wakajenga ghala la makuti Ukunda, karibu na Kona ya Musa, na ghala hilo liliwasomeshea watoto. Mimi nilikuwa naweka akiba ya gari dogo la rangi ya maziwa, nimekwisha kulipanda mara mbili kwa majaribio na watu wakaniona. Nililiacha. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mchambuzi wa hisa pekee wa Mombasa aliyefika kazini kwa feri na miguu, na viatu vyangu vilijua kila shimo la Likoni.

Bwana Nasoro nilimkuta dukani kwake Msambweni. Alizipokea fedha, akaichana hati mbele yangu.

"Mama yako hakunikosa mavuno hata moja," alisema. "Mtu kama yule hukopeshwa bila karatasi."

"Mbona wewe uliichukua karatasi, bwana?"

Akacheka, akaniagizia kahawa. "Na mimi nina watoto, bwana mdogo. Na wewe acha kunikunjia uso. Mke ninaye, na mmoja ananitosha."

Msimu uliofuata samaki waliadimika, na hoteli mbili kubwa zikaleta majokofu yao. Wenye mitambo wakaja Likoni na malori, wakafungua nati, wakapakia. Waliokuwa na hisa walibaki na vyeti vyenye mhuri mzuri. Nasema haya si kwa kufurahi. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida, wenye sharubati ya baridi bado ulimini. Bwana Kanji alipopata habari alifungua dirisha tu, akasema, "Uliinama." Kwa miaka yote niliyokaa naye sikupata sifa kubwa kuliko hiyo, nami nimezipata nyingi.

Baadaye kanuni za uhasibu zikabadilika, na kodi ndefu za namna ile zikaanza kulazimishwa kuandikwa pamoja na madeni. Wachanga mkafurahi, mkadhani kazi imeisha. Haijaisha. Mwenye kutaka kuficha hatakosa nguo nyingine ya kulivisha deni, na atahakikisha mkataba umeandikwa ili uponyoke kwenye kanuni kwa unywele mmoja. Kwa hiyo ombi langu kwenu ni lile la zamani. Inukeni mezani. Nendeni mkatazame kampuni inatumia nini, kisha ulizeni ni cha nani, nani anakitengeneza kikiharibika, na kama inaweza kukiacha kesho. Mpaka mjibiwe, hisa hiyo hamjaipima. Na mkirudi kwenu Ijumaa, angalieni mnakaribishwa kwa nini, na kimetoka kwa nani.

Mmoja wenu aliniuliza, siku ile ya pilau, ni siku gani niliyoifurahia zaidi kazini. Nilimtajia siku fulani ya heshima, gavana wa Benki Kuu akiwapo. Ulikuwa uongo wa adabu.

Siku yenyewe ni ile niliyotoka dukani kwa Bwana Nasoro na vipande vya hati mfukoni. Nilimkuta mama uani na Bi Mishi. Nilivua koti, nikavua viatu, nikaukwea mnazi ulio karibu na jiko. Sikuwa nimekwea tangu utoto, kifua kilichubuka na suruali ya kuinamia ikapasuka pasipotajika, lakini nilifika, na niseme wazi kwamba mkwezi wa kazi asingefika haraka zaidi.

"Shuka, utavunjika!" alipiga kelele mama. "Bakari! Hayo si..."

Nilikuwa nimekwisha angusha la kwanza.

Niliposhuka nilitoa vipande vya hati nikaviweka kwenye mkeka. Mama hakujua kusoma, ila mhuri aliutambua. Nilikata dafu, nikampa. Alilipokea kwa mikono miwili na papo hapo, kama alivyozoea maisha yake yote, akamnyoshea Bi Mishi kwanza.

"Mimi sinywi," alisema Bi Mishi. "Leo sinywi mbele yako, hata ukinipiga."

Akaninyoshea mimi. Nikatikisa kichwa.

Basi akakaa chini, akanyosha miguu, akanywa. Alikunywa bila kupumzika, maji yakamtiririka kidevuni mpaka kwenye leso, naye hakuyafuta. Akapangusa mdomo kwa kiganja, akainua macho akaitazama minazi, mmoja baada ya mwingine.

"Yamefika," akasema.